Misumari ya Ukuta wa Kichwani

Kwa maelezo ya Bi Mwanakombo, jirani yetu hapa Chikongola, kofi lenyewe lilisikika. Anasema Mzee Josephu aliivuta nyumba yake ya matairi mpaka Msimbati, akapita nayo mchangani, akaenda kuiegesha kando ya mikoko, kule ambako maji ya Ruvuma yanakutana na bahari na ambako hata wakata nguzo hawaingii bila kutamka salamu. Hakupiga hodi. Alishusha ngazi, akavua viatu, akala, akajipumzisha adhuhuri kama mtu aliye kwake. Ndipo mwenye pale, ambaye Bi Mwanakombo hamtaji kwa jina, alipomzaba kofi moja la shavu la kulia. Mkewe, aliyekuwa nje anakaanga samaki, alisikia pwaa, kama kanga iliyolowa inapopigwa jiweni. Mzee alipotoka, uso haukuwa wake. Vidole vitano vilikuwa vimechorwa shavuni, kimoja kimoja, unavihesabu.

“Vitano, Nasra,” aliniambia, akininyooshea kiganja chake chenye unga wa maandazi. “Binadamu gani anakuzaba kofi Jumamosi, Jumanne alama ndiyo kwanza inavimba?”

Nilikuwa nimekaa barazani na turubai la lori magotini. Sindano ilibaki katikati ya kitambaa, nusu upande huu, nusu upande ule. Sikuisukuma wala sikuivuta. Nyumba hiyo ya matairi mimi ndiye niliyeivisha.

Mzee Josephu aliendesha winchi bandarini miaka thelathini na moja, na alipostaafu alisema amechoka kuinua mizigo inayokwenda mbali huku yeye akibaki palepale. Akajenga tela la mbao uani kwake Shangani: kitanda kimoja, kabati la vyombo, dirisha moja, mlango unaokulazimisha kuinama. Kwa umbo lilifanana na boflo kubwa lililokatwa nyuma. Mkewe, Mwalimu Felista, alikuwa akiwaambia wageni kwamba wanaume wengine wakistaafu huoa mke wa pili, wa kwake ameoa plaiwudi.

Kilichobaki kilikuwa ngozi. Mabati yangekuwa mazito kwa kigari chake cha zamani, na mbao tupu zisingevuka masika moja. Alikuwa ameona kwenye simu wazee wa nchi za baridi wakiyavika matela yao turubai la pamba, wanalibandika kwa gundi, wanalipaka rangi tabaka juu ya tabaka mpaka kitambaa na mbao vinakuwa kitu kimoja. Akaja kwenye karakana yetu, tunakoshona maturubai ya malori ya korosho, akauliza ni nani aliyeshona lile lililoingia bandarini na mvua yote ile bila gunia hata moja kulowa. Wenzangu, wote wanaume, walicheka. Mmoja akasema huyo ni wa viraka tu, mzee, darasa la saba. Mzee Josephu akajibu kwamba anatafuta mtu anayejua mvua inapita wapi, habari za vyeti wataongea siku nyingine.

Kabla ya siku ile sikuwahi kuitwa fundi. Nilikuwa yule dada, au we Nasra, au lete uzi.

Nilifanya kazi siku kumi na moja. Nililisugua tela kwa msasa mpaka likawa laini kama kibuyu cha zamani. Turubai nililitandaza juani, nikalikata, nikalilowesha kidogo ili lisinywe gundi yote. Gundi nyeupe ya maseremala niliimimina katikati na kuitandaza kwa rola, kisha nikalilaza turubai juu yake na kulisukuma kwa viganja kutoka kati kwenda pembeni, polepole, kila povu la hewa nikilisindikiza mpaka ukingoni kama mgeni. Rangi ya kwanza niliizimua kwa maji ili izame. Ilipokauka, kitambaa kilijikaza, na ukikigonga kilitoa sauti ya ngoma iliyopashwa moto. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanitazama, hakuniharakisha. Alisema miaka yote ile ya kunyanyua tani na tani, hakupata kuona mikono inayobembeleza kitu namna hiyo.

Siku ya tisa niliona mchwa. Ndani, kwenye ukuta wa kichwani mwa kitanda, kulikuwa na njia ya udongo nyembamba kama uzi, inapanda kutoka sakafuni. Kwa nje nilikuwa nimeshazifunga mbao zisionekane tena. Mchwa wangekula mwaka mzima chini ya kazi yangu nzuri, na mtu asijue mpaka ukuta umwangukie.

Kwetu Nanyamba, bibi yangu hupaka nguzo za nyumba mafuta ya maganda ya korosho, na mchwa huzikwepa. Huyachoma maganda kwenye pipa lililotobolewa, huyakinga mafuta yanayotona, kisha huyapika tena mbali na nyumba mpaka yawe mazito na meusi kama lami. Mimi sikuwa na pipa, wala sikuwa na siku mbili za kupika. Nilikuwa na shoga anayebangua korosho kwenye karakana moja ndogo ambako maganda hukamuliwa kwa mashine, naye akanipa nusu chupa: mafuta mabichi, mekundu, mepesi. Kila mtoto wa huku anajua kwamba ganda bichi linaunguza. Wabanguaji hujipaka majivu mikononi. Mimi mwenyewe nilivaa mifuko ya plastiki mpaka kwenye viwiko. Ila nilidhani yanakauka kama rangi, na kwamba yakishakauka, ukali wake umekwisha.

Sikumwambia mzee. Angeuliza, ningeeleza, na pengine angesema tumwite seremala. Nami nilitaka, japo mara moja maishani mwangu, nionekane fundi anayeona tatizo na kulimaliza bila kumuuliza mtu. Nikaupaka ukuta ule, nikausubiri siku nzima, kisha nikataka kuufunika kwa kipande cha turubai kilichobaki ili mbao zisimkwaruze anayelala. Gundi ilikataa. Ilijikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgimbi. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilichukua misumari midogo, nikalipigilia turubai kwa mstari mmoja ulionyooka, nafasi ya kidole kimoja kati ya msumari na msumari, nikapitisha rangi juu yake, nikaona pamependeza.

Haya yote yalinipitia kichwani pale barazani, lakini yalipita kila moja peke yake, kama watu wasiojuana. Bi Mwanakombo alikuwa bado anaongea. Nikakunja turubai, nikamwambia nakwenda kumwona mgonjwa.

Nilifika Shangani alasiri ile ile na machungwa manne kwenye mfuko. Mwalimu Felista alinipokea mlangoni, akapokea mfuko, akaniambia nisishtuke.

Mzee Josephu alikuwa kwenye kochi. Jicho la kulia lilikuwa limezama ndani ya uvimbe, na sikio limekuwa nene kama andazi. Lakini si uvimbe ulionisimamisha. Kutoka sikioni mpaka karibu na pua kulikuwa na michirizi mitano ya malengelenge, inateremka sambamba kuelekea taya, na kila mchirizi juu yake ulikuwa na doa jeusi, la mviringo, dogo kama punje ya mtama. Nilitazama nafasi kati ya doa na doa. Sikuhitaji kupima. Masikio yangu yalijaa mvumo, kama mtu aliyezamishwa majini, na nikawa namwona Mwalimu anasogeza midomo bila kusikia anasema nini. Misumari yangu ilikuwa imepigwa kwenye uso wa mzee yule, kwa mstari ulionyooka, kazi safi.

“Karibu, fundi,” mzee akasema kwa upande wa mdomo unaofanya kazi. “Usinitazame hivyo. Zamani nilikuwa mzuri.”

Nikaketi kwa sababu kiti kilikuwa karibu. Mwalimu akanieleza ilivyokuwa, na ilivyokuwa haikuwa na kofi. Mzee alikula, akakaa kitandani, akaegemeza shavu kwenye ukuta wa kichwani, akasinzia hivyo hivyo nusu ameketi, kama alivyozoea kusinzia kwenye kibanda cha winchi. Joto lilikuwa kali. Njiani kurudi alijikuna. Jumapili asubuhi, alipokuwa anafunga vifungo vya shati la kanisani, ndipo mkewe alipopiga ukelele. Daktari alisema ni mzio, akauliza kama aligusa mmea au mdudu, akatoa vidonge na mafuta ya kupaka. Kuhusu jicho alisema wasubiri uvimbe ushuke.

Kilichomuudhi Mwalimu Felista ni mtaa. Mtu mmoja alikuja kushauri tela lichomwe moto. Mwingine alileta jina la mganga, ameliandika kwenye karatasi, na namba ya simu. Mwalimu alikuwa amefundisha watoto wa mtaa huo miaka ishirini kwamba mbu ndiye analeta malaria, alisema, na leo watoto hao hao wana ndevu na wanamletea mganga.

“Joyce anakuja Alhamisi na mtoto,” akasema. Joyce ni binti yao aliyeolewa Masasi. “Watalala humo humo kwenye tela, hapa uani, mtaa mzima uone. Tuone nani atawazaba kofi.”

Nilifungua kinywa. Nakumbuka vizuri kwamba nilikifungua, kwa sababu kilikauka. Na mzee, wakati huo huo, akanipa pande la chungwa, akasema Ijumaa ile kabla ya safari ilinyesha mvua ya kujaza mapipa na ndani ya tela hakukupita hata unyevu. Wale wenzangu wa karakana niwaambie hivyo. Nikala lile pande. Nikasema nitarudi kumjulia hali. Nikaondoka.

Nyumbani niliichukua ile chupa kutoka nyuma ya mtungi, ilikuwa na vidole viwili vya mafuta. Nikajipaka tone moja juu ya goti, mahali ambapo gauni linafunika. Nilijiambia nataka kuwa na hakika kabla ya kusema. Leo najua nilichokuwa nataka. Nilikuwa nataka ngozi yangu iniambie uongo.

Jumatano asubuhi goti lilikuwa safi. Nililitazama kwenye mwanga wa mlango, nikalibonyeza, nikacheka peke yangu. Kule karakana habari zilikuwa zimenitangulia. Wale walionicheka walikuwa wamekubaliana kwamba kosa si la turubai, kosa ni la mahali. Mtu huwezi kuegesha kitanda kwenye sebule ya wenyewe. Mmoja akaniambia, bila kunitania, “Pole, fundi.” Neno lile nililisubiri kutoka kwao miaka minne, na lilikuja siku hiyo. Bi Mwanakombo naye, jioni, aliongeza kwenye hadithi yake harufu ya udi iliyosikika garini njia nzima. Aliniambia nimshukuru Mungu kwamba sikuwahi kujinyoosha humo ndani. Nikamshukuru. Nilikuwa nimempata wa kunibebea lawama, yule mwenye mikoko, naye hana ndugu wa kuja kulalamika kwa niaba yake, na kila mtu Mtwara nzima alikuwa tayari kumtwisha. Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, goti liliwasha. Niliendelea kushona. Likawasha tena, kwa namna ya moto uliofunikwa. Nikaenda chooni, nikafunua gauni. Palikuwa na lengelenge moja, la mviringo, limejaa maji, linang’aa.

Sikurudi kuaga. Nilipanda bodaboda nikiwa na kanga moja na sindano ya turubai bado imechomekwa kifuani. Dereva aliniuliza nani amefariki.

Joyce alikuwa ameketi kibarazani Shangani anamenya muhogo, begi lake la safari bado liko mlangoni halijafunguliwa. Sikuwahi kumwona kabla, ila ana paji la uso la baba yake. Nilimuuliza mtoto yuko wapi, hata salamu sikumpa. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia nyumba siyo.

“Amelala,” akasema. “Kwenye nyumba ya babu yake.”

Niliingia kwenye tela bila hodi. Ndani joto lilikuwa la jiko. Mtoto alikuwa wa miezi tisa hivi, amelala kifudifudi kitandani, kavaa nepi tu, na mkono wake mmoja ameuinua juu ya kichwa, kiganja kimelala ukutani. Kwenye kila msumari, chini yake, rangi nyeupe ilikuwa imeota mstari wa kahawia, mbichi, unaong’aa kwa joto. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Nilimnyakua. Alistuka, akalia kilio kile cha mtoto aliyeibiwa usingizi, na nilipoinama kutoka mlangoni nikakutana uso kwa uso na Joyce.

“Nipe mtoto wangu,” akasema, taratibu sana, kisu cha muhogo bado kiko mkononi.

Nikampa. Nikamwambia amwoshe kwa sabuni, mkono huu, kiganja na katikati ya vidole, na asimguse macho. Mwalimu Felista alikuwa ameshatoka nje kwa kelele. Mzee Josephu naye alikuja hadi kizingitini, ameshika mwimo wa mlango, jicho moja limefunguka kidogo na bado limejaa damu.

“Mwoshe kitu gani?” Mwalimu akauliza. “Nasra. Kuna nini?”

“Mafuta ya maganda ya korosho,” nikasema. “Mabichi. Nilipaka mimi, pale kichwani, chini ya turubai. Niliona mchwa. Sikusema.”

Niliyasema maneno hayo nikiangalia ardhi, na yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani. Siku mbili nilikuwa nimeyabeba kama gunia, kumbe yalikuwa yanatosha kwenye kiganja cha mkono.

Mwalimu alishamkokota Joyce mpaka kwenye bomba. Maji yakafunguliwa. Mtoto akaongeza kilio. Mzee Josephu hakusogea. Aliinua mkono kuelekea shavu lake, akausimamisha kabla haujafika, vidole vimetanuka hewani mbele ya ile michirizi mitano.

“Jumanne,” akasema. “Ulikaa pale ulipokaa. Tukala chungwa mimi na wewe.”

“Ndiyo, mzee.”

“Ulikuwa umeshajua.”

Ningeweza kumwambia habari za goti. Ningeweza kusema nilikuwa sina hakika. Ulimi ulijaribu, nikauzuia.

“Nilijua, mzee. Nilipokuona tu nilijua.”

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jina la kituo ambacho gari limeshakipita. Nilitegemea atanifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi la kweli, na nadhani kofi lingenisaidia. Yeye alishuka ngazi mbili za kibaraza, akatembea mpaka kwenye tela, akasimama upande wa nje ambako kazi yangu ilikuwa nyeupe na imenyooka, haina mkunjo. Akaingiza kucha kwenye ukingo wa turubai, akajaribu kulibandua. Halikubanduka. Akajaribu mahali pengine, karibu na dirisha. Kucha ilikwaruza rangi tu. Gundi ya pale ilikuwa imeshika barabara, ungehitaji patasi.

Bombani, Mwalimu Felista alikuwa ameshika kile kiganja kidogo kwenye mwanga, anakigeuza huku na huku kama karatasi ya mtihani. Akasema haoni kitu. Ni chekundu kidogo, akasema, lakini huenda ni kwa kusuguliwa. Joyce akamuuliza kama hiyo maana yake ni salama. Mama yake akatia sabuni upya, na nikaelewa kwamba anafanya hesabu ile ile niliyokuwa naifanya mimi. Jumamosi mchana mzee naye hakuwa na kitu. Mzee alivimba Jumapili.

Nilivua viatu pale nilipokuwa nimesimama, sijui kwa nini. Mchanga wa uani ulikuwa unachoma.

“Mwalimu,” nikasema. “Mzee. Naomba mniruhusu nikae hapa mpaka kesho. Nitakaa nje. Nataka nimwangalie mkono.”

Maji yaliendelea kutiririka. Mzee Josephu alikuwa amenipa mgongo, paji la uso ameliegemeza kwenye turubai. Joyce alikinga maji kwa kiganja chake mwenyewe, akamwagia mtoto begani, kisha shingoni, kisha nyuma ya sikio, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amemwambia aoshe.